Masikio ya Kuazima

Mlinzi wa geti aliuliza mara mbili, "Mnatoka wapi?" na mara zote mbili Fundi Sikio akaendelea kulitazama paa la nyumba kama mtu anayehesabu vigae. Mkewe akadakia, "Dukani, kaka. Tumekuja kufunga muziki wa sebuleni." Kisha akamgusa mumewe kiwiko, kidogo tu, kama anayemfuta vumbi. Fundi akageuka, akatabasamu, akasema kwa sauti iliyopita kimo, "Habari za kazi!" Mlinzi akarudi nyuma hatua nzima.

"Punguza," mkewe akamwambia kwa midomo, bila kutoa sauti.

Jina la Sikio alipewa enzi ambazo lilikuwa sifa. Ilisemekana angeweza kusimama mlangoni mwa ukumbi, akainamisha kichwa kidogo, akakuambia ni spika ipi imechanika na imechanikia wapi. Kelele zile zile alizozitumikia ndizo zilizomla. Sikio la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata, na daktari akasema mishipa imekufa, labda kifaa kingesaidia kidogo, akataja bei ya kifaa, nao wakaaga kwa heshima. Tajiri wa duka hakuambiwa. Alichojua yeye ni kwamba siku moja Sikio alifungulia sauti mpaka spika za mteja zikaungua, akidhani bado zinanong'ona. "Kosa jingine kama hili," tajiri alisema, "tunaagana."

Hapo ndipo mkewe alipoacha cherehani. Alikuwa mshonaji, mwembamba, mwenye ulimi wa kuchoma, na mtaani walimbatiza Bi Sindano. Sasa kwa wateja akawa msaidizi wa fundi. Akishika kilemba upande wa kulia, maana yake sauti imezidi kulia. Akishika kushoto, vivyo hivyo. Akijikuna shingo, punguza. Alijifunza kusikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto mgonjwa aliye chumba cha pili, na akirudi nyumbani kichwa kinamgonga, na nguo za watu bado zimelala kwenye cherehani zikimsubiri.

Mumewe hakuwahi kumwambia ahsante. Aliona aibu kuitamka, naye Bi Sindano aliona aibu kuidai.

*

Mwenye nyumba alikuwa mkandarasi, mtu wa miraba minne mwenye simu mbili, na nyumba ile aliijenga mwenyewe. Chumba cha kuangalizia sinema kilikuwa na dirisha moja tu, refu, la kioo kisichofunguka, likitazama upande wa geti. Makochi yalipangwa safu mbili mbele ya skrini pana kama shuka.

"Fundi, jioni nina wageni wazito," mkandarasi alisema. "Sitaki aibu." Akamgeukia Bi Sindano. "Na wewe dada, ukitaka ufagio uliza jikoni."

"Mimi ni msaidizi wa fundi."

"Ahaa," akasema mkandarasi. Ahaa hiyo ilikuwa na mkia mrefu.

Kazi ya mikono haikuwa na shida. Fundi Sikio alipanga spika mbili mbele, kulia na kushoto. Moja katikati, chini ya skrini, ya kutolea maneno ya watu. Mbili nyuma ya makochi. Na sabufa, lile sanduku la besi, akalisukuma pembeni mpaka akaridhika. Waya zilikuwa zimeshazikwa ukutani na wajenzi, zimebaki ncha tu. Alizichuna, akaziunga moja baada ya nyingine kwenye risiva, mashine inayoziendesha spika zote, vidole vyake vikienda bila haraka wala wasiwasi. Bi Sindano alipenda kumtazama saa kama hizi. Alikuwa yule yule aliyemwoa.

Ikabaki kupima. Fundi akatoa maiki ndogo yenye miguu mitatu, akamweleza mkandarasi kwa maneno aliyoyakariri. "Hii inakaa pale mtu atakapokaa, usawa wa sikio. Risiva italia kwenye kila spika kwa zamu, maiki inasikiliza, halafu mashine yenyewe inajua kila spika iko mbali kiasi gani na ipewe nguvu kiasi gani. Wakati huo, mkubwa wangu, hata kupumua ni kwa adabu. Maiki haichagui. Ikisikia kikohozi, inapima na kikohozi."

Mkandarasi akacheka. Lakini pale katikati, mahali hasa pa maiki, alikuwa amekaa baba yake. Mzee alikuwa amevalishwa sweta, blanketi magotini, anatazama skrini tupu kwa subira.

"Baba! Tunakusogeza pembeni!" mkandarasi akampigia kelele sikioni.

"Nimekula," mzee akajibu.

"Pembeni, baba! Kidogo tu!"

"Nimeshakula, nimesema. Unataka nipasuke?"

Wakambeba na kiti chake mpaka ukutani. Mkandarasi akaona haya mbele ya mafundi, akasema bila kumtazama mtu, "Hasikii. Miaka sasa." Bi Sindano akaitikia kwa kichwa.

Feni ikazimwa, simu zikazimwa. Desturi yao ilikuwa Bi Sindano asimame karibu na skrini, mumewe akiinua macho amwone. Alipoanza kwenda huko mkandarasi akamnyooshea kidole. "Dada, usitupitepite mbele. Simama pale mlangoni." Bi Sindano akabishana kwa nusu pumzi, kisha akaenda mlangoni. Fundi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya risiva, amewapa wote mgongo, macho kwenye kioo chake kidogo cha maandishi. Akabonyeza.

Spika ya kushoto ikalia shaaa, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Ikanyamaza. Ya katikati ikalia.

"Mbona mmekaa kimya kama msibani?" mzee akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Nani kafa?"

Mkandarasi akamwashiria kwa mkono anyamaze. Mzee akaona ule mkono, akadhani anasalimiwa, akaupunga wake.

"Na chai yangu je? Au nayo imekufa?"

"Fundi, simamisha," mkandarasi akasema. Risiva ikaendelea. "Fundi! Simamisha hiyo kitu!"

Fundi Sikio alikuwa akitikisa kichwa taratibu, ameridhika na namba anazoziona zinakuja. Bi Sindano aliondoka mlangoni mbio, lakini makochi yalikuwa kati yao, na mkandarasi alikuwa karibu zaidi. Alisimama nyuma ya fundi, akapiga makofi mawili makubwa juu ya kisogo chake. Fundi hata kope hakuipepesa.

Mzee aliyaona yote. Aliona mikono ya mwanawe ikikutana, akaona kichwa kisichoshtuka, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Huyu naye hasikii!" akapiga kelele. "Haki ya nani, ni kiziwi mwenzangu! Mleteni hapa akae na mimi! Mleteni!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, anapiga goti lake kwa furaha.

Bi Sindano akafika, akamgusa mumewe begani. Fundi akageuka akitabasamu, akakuta nyuso. Tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Ni kweli?" mkandarasi akauliza.

Fundi akamtazama mkewe. Bi Sindano angeweza kumdanganya. Angeweza kusema mtu huyu anauliza kama kazi imekwisha. "Anauliza kama ni kweli," akamwambia kwa midomo.

"Ni kweli," Fundi akasema, na safari hii sauti yake ilitoka ndogo mno.

"Yaani nimeletewa kiziwi anipimie muziki!" Mkandarasi akawasha simu. "Kesho mtaniletea kipofu anichoree ramani!" Akampigia tajiri wa duka palepale, akamwambia yote aliyotaka kumwambia, na upande wa pili sauti ya tajiri ikasikika ikiomba radhi, ikiapa haikujua, ikisema leo hakuna fundi mwingine wa kutuma. Mkandarasi akashusha simu, akamtazama Bi Sindano kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe unasikia?"

"Nasikia."

"Kazi hii unaijua?"

Aliijua nusu nusu, kama mtu ajuavyo wimbo ambao hajawahi kuuimba mwenyewe. "Naijua."

"Malizia basi. Huyu akakae kwa mlinzi. Sitaki mtu wa kunisimamia ndani bila kazi."

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

Kila tusi lililomfikia mumewe lilipita kwanza kinywani mwake. "Anasema ukasubiri nje."

"Na wewe?"

"Mimi nimalizie."

Fundi Sikio akampa bisibisi, mpini mbele, kama anavyompa kila siku, akatoka. Mzee akamfuata kwa macho. "Mbona mnamtoa?" akauliza. "Mbona mmemtoa? Nilikuwa nimepata mtu." Hakuna aliyemjibu, maana kumjibu kulihitaji kupiga kelele.

*

Bi Sindano akaanza upya. Akaomba mzee apelekwe chumba kingine, akairudisha maiki usawa wa sikio, akabonyeza. Spika zikalia moja moja, shaaa, shaaa, naye amesimama kama mti. Zilipomaliza, kwenye kioo cha risiva likatokea neno la onyo mbele ya spika ya nyuma kushoto. Neno hilo aliwahi kuliona. Lilipotokea, mumewe alikuwa akifanya kitu fulani kwa haraka na neno linaondoka, naye hakuwahi kuuliza ni nini.

"Vipi?" mkandarasi akauliza kutoka kwenye kochi.

"Kitu kidogo tu."

Akaenda dirishani. Mumewe alikuwa kwenye benchi la mlinzi, amekaa kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe. Bi Sindano akapunga mkono, na mlinzi ndiye aliyeuona, akamgutua. Fundi akasogea mpaka kwenye kioo. Kioo kile kingemzuia mtu yeyote mwenye masikio. Yeye kwake hakikuwa kitu. Bi Sindano akasema polepole, akikata maneno, bila kutoa hata punje ya sauti: nyuma, kushoto, onyo. Akamchorea lile neno kwa kidole juu ya kioo.

Fundi akasoma kinyumenyume. Akajibu kwa maneno, na sasa mkewe ndiye asiyesikia kitu. Walitazamana hivyo, midomo ikienda. Fundi akaacha kusema, akainua vidole viwili, akavipishanisha, kimoja mahali pa mwenzake. Bi Sindano akaelewa. Wajenzi walizichanganya waya ndani ya ukuta, nyekundu imetokea palipopasa kutokea nyeusi.

"Mnaagana au?" mkandarasi akasema.

Akazibadili, akapima mara ya tatu, onyo likaondoka. Mkandarasi akaweka sinema. Mvua ikanyesha nyuma yao, gari likapita toka kushoto kwenda kulia, mtu akasema jambo katikati na kila neno likafika. Mkandarasi akafumba macho. "Haya ndiyo mambo," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake, akaongeza, "Mwambie mumeo asinielewe vibaya. Ni kazi tu."

Bi Sindano hakumwambia. Njiani mumewe aliuliza, "Mwishoni alisemaje?" naye akajibu, "Amesema kazi nzuri."

*

Jumapili simu ililia. Siku hizo Bi Sindano ndiye aliyeipokea. Mumewe akaja akaketi mbele yake, akaiangalia midomo yake, apate walau nusu ya mazungumzo.

"Shemeji," tajiri wa duka alisema kwa sauti ya asali, "mkandarasi kanipigia tena. Anasifia. Anasema yule mama ana masikio. Sasa sikiliza. Mzee wako mwache apumzike. Nilimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa." Akacheka peke yake. "Wewe njoo Jumatatu."

"Nije kufanya nini?"

"Kazi ya mumeo. Dereva atakuwa anakupeleka. Mshahara utaanzia chini kidogo, maana wewe si fundi, si ndiyo? Na jambo moja, shemeji. Kwa wateja usimtaje. Neno likienea kwamba nilikuwa natuma kiziwi, nimekwisha. Ukiulizwa, umejifunzia dukani. Tumeelewana?"

Mumewe alikuwa amemkazia macho. Bi Sindano akasema, "Tumeelewana," akakata.

"Anasemaje?"

Akamwambia. Lile la mwisho hakumwambia.

Fundi Sikio alisimama. Ugomvi wao ulikuwa na ubaya wake, kwamba ulikuwa na upande mmoja tu kwa walio nje. Bi Sindano aligombana kwa midomo, kimya, ili majirani wasifaidi; mumewe hakujua tena sauti yake inaishia wapi, na kuta zile zilikuwa za tofali moja.

"Wewe uende badala yangu? Wewe?"

"Nani mwingine?" akajibu kwa midomo. "Cherehani? Nguo za watu zimeoza pale kwa ajili ya masikio yako."

"Sikio halipiti kichwa!" Fundi akanguruma. "Umesikia? Halipiti!"

"Kichwa kitakula nini?"

Ng'ambo ya ukuta redio ya jirani, mshona viatu, ilikuwa imepunguzwa. Bi Sindano aliisikia ilivyopunguzwa. Mumewe akaingia chumbani, akakaa humo mpaka chakula kikapoa, na alipotoka alikuwa na mkoba wake wa kazi. Akaufungua mezani. Akatoa vipande vya waya, akavipanga.

"Kaa," akasema. "Lile neno la onyo, la kwa mkandarasi, lina ndugu zake. Usije ukakwama mbele za watu."

Akamfundisha mpaka jioni. Jinsi ya kuijua sabufa iliyowekwa pembe mbaya kwa kutembeza mkono ukutani. Kwa nini maiki isikae juu ya mto wa kochi. Namna ya kumkatalia mteja anayetaka kila kitu kipigwe juu. Alifundisha kwa ukali, akimfokea anapokosea, na Bi Sindano, mwenye ulimi wa kuchoma, hakumrudishia hata neno moja.

*

Nyumba yake ya kwanza peke yake ilikuwa ya daktari wa meno, mama mpole, mwenye vitabu ukutani na paka. Paka akatolewa, feni ikazimwa, spika zikalia kwa zamu. Lilikuja onyo moja, akaliondoa. Akaweka muziki, akazunguka chumba akitega sikio, akapunguza besi kidogo, akasogeza spika ya mbele upana wa kiganja. Dereva wa duka alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Dereva yule alikuwa na kawaida ya kumfikishia tajiri kila kitu, cha kuchekesha na kisichochekesha.

"Kazi safi sana," daktari akasema. "Nani amekufundisha?"

Jibu lilikuwa limeshafika kooni. Bi Sindano akamwona dereva anavyongoja.

"Dukani, dada. Nilijifunzia palepale dukani."

"Nauliza kwa sababu zamani kulikuwa na fundi mmoja pale, alinifungia ile ya kwanza. Mtu wa ajabu. Alikuja akasimama hapo ulipo, akaniambia friji yako inakaribia kufa, naisikia. Na ikafa kweli! Yuko wapi siku hizi?"

"Aliacha kazi."

"Masikini. Ulimfahamu?"

Bi Sindano aliinama kukusanya vipande vya waya sakafuni, ingawa alikuwa ameshavikusanya.

"Simjui sana," akasema. "Nilimkuta anaondoka."

Kwenye gari dereva alipiga mluzi njia nzima.

Mumewe alikuwa amepika. Wali ulikuwa umeshika chini, lakini alikuwa amefagia, amekunja nguo za wateja na kuzipanga juu ya cherehani. Hakumngoja hata avue viatu.

"Ilikwendaje?"

"Vizuri. Onyo lilitoka moja, nikaliondoa."

"Nyumba ya nani?"

"Daktari wa meno. Mwenye friji."

"Daktari wa meno!" Uso wake ukawaka. "Yule namjua! Ameniulizia?"

"Amekuulizia."

"Kweli? Amesemaje?"

"Amesema ulikuwa mtu wa ajabu."

"Naye akauliza nani amekufundisha?"

"Akauliza."

"Ukamwambiaje?"

Kilichokuwa kigumu ni kwamba mume huyu hakuweza kudanganywa kwa mgongo. Asingeweza kumjibu huku anavua kiatu, wala huku anakoroga chungu. Ilibidi ainue uso, augeuzie kwenye mwanga wa mlango, ampe midomo yote.

"Nimemwambia ni mume wangu," akasema. "Nimemwambia kila ninachokijua nimefundishwa na wewe."

Fundi Sikio aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akatoka nje haraka, na Bi Sindano akamsikia anamgongea jirani, yule mshona viatu, kwa nguvu ya mtu asiyejua kwamba mlango una kelele.

"Bado wananitaja!" akapaza sauti, na mtaa mzima ukapata. "Huko kwenye majumba ya wakubwa! Mke wangu katoka huko sasa hivi, muulize! Anawaambia waziwazi, mume wangu ndiye! Daktari mzima kaniulizia kwa jina!"

"Hongera, fundi," jirani akasema, bila shaka kwa midomo mipana.

"Muulize mwenyewe! Yuko ndani! Muulize!"

Bi Sindano alikuwa bado ameketi na kiatu kimoja mguuni. Alisikia kandambili za jirani zikiburuzwa kuja kwenye mlango wao, akasikia mumewe akicheka nyuma yake, akaanza kuuandaa uso wake.